Amplifaya ya jukiboksi ya miaka ya 1950: valvu moja inaiva nyekundu. Nitengeneze au ning'oe niweke bodi mpya?

#1 Sindano45 (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mjomba ameniachia jukiboksi (mashine ya kuchagua na kupiga santuri) ya Marekani ya miaka ya 1950, ya nyimbo 100, inayopiga santuri za mizunguko 45. Ilikaa stoo zaidi ya miaka ishirini ikiwa imefunikwa turubai. Mtambo wa kuchagua wimbo nimeusafisha, nimetoa grisi iliyoganda kama gundi, sasa unatembea vizuri. Kilichonishinda ni amplifaya.

Ina valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) mbili za 6L6 za kutoa sauti, 5U4 ya kugeuza umeme, na valvu ndogo tano mbele. Jana niliiwasha kwa mara ya kwanza. Kama nusu dakika kimya, ukaja mvumo mzito kwenye spika, kisha harufu kama ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Nikazima taa ya chumba nione vizuri. 6L6 moja ilikuwa na ule mwanga wa chungwa wa katikati tu. Ya pili, bati lake la kijivu lilikuwa linaiva nyekundu kuanzia kwenye mshono wa pembeni, na doa lilizidi kupanuka nikiliangalia. Nikachomoa plagi.

Fundi niliyemwonyesha aliitazama dakika tano akasema vitu hivi vimepitwa, ng'oa, weka bodi ya kisasa yenye Bluetooth. Moyo unakataa. Kabla haijaingia stoo, mjomba alikuwa akiikung'uta vumbi kila wiki. Naombeni ushauri wa watu walioshika mashine hizi kwa mikono yao.

#2 FundiWaValvu

Mkuu, umefanya jambo la maana kuchomoa. Usiiwashe tena mpaka tumalize maongezi haya.

Hiyo harufu ya mshumaa ni nta kweli. Kapasita za zama hizo zilikuwa karatasi na karatasi ya bati zilizoviringishwa pamoja zikachovywa kwenye nta. Karatasi hunyonya unyevu, na kapasita iliyotakiwa kuzuia umeme mnyoofu (DC) ikipitisha sauti tu inaanza kupitisha vyote viwili. Kati ya valvu ndogo na kila 6L6 kuna kapasita moja ya namna hiyo. Upande mmoja wake una volti zaidi ya 200, upande wa pili ni gridi ya 6L6 (mlango unaodhibiti mkondo ndani ya valvu) ambayo haitakiwi kupata hata volti moja chanya kutoka huko. Ikivuja, gridi inapanda, valvu inafunguka wazi, mkondo unapita bila breki, bati linaiva. Kwa hiyo valvu yako pengine ni nzima. Mgonjwa yuko mlangoni kwake.

Watu wengi hukimbilia kubadili 6L6. Mpya nayo inaiva vilevile, na ukiendelea unaunguza transfoma ya kutolea sauti. Transfoma hiyo ndiyo kitu cha kulinda kuliko vyote humo ndani. Valvu zinapatikana, 6L6 imekuwepo tangu 1936 na mpaka leo inatengenezwa kwa ajili ya amplifaya za magitaa. Kapasita zinapatikana. Transfoma iliyofungwa mahususi kwa mashine yako, ile utaitafuta sana.

Halafu usalama. Kapasita kubwa za kuchuja humo zinabeba volti 350 hadi 400 na zinaweza kuzishikilia muda mrefu baada ya kuchomoa. Usiziguse mpaka umezimaliza umeme. Usitumie bisibisi kupiga cheche. Chukua rezista ya omu 5,000 ya wati 10, iunganishe na waya wenye klipu, shika klipu moja kwenye chasisi (fremu ya chuma ya amplifaya) na nyingine kwenye kapasita, hesabu mpaka kumi. Kisha pima kwa mita. Mita ikisema chini ya volti 5, ndipo mkono uingie. Mkono mmoja, mwingine mfukoni.

#3 BintiSaketi

Naongezea kwa Fundi. Tengeneza balbu ya ulinzi kabla hujawasha chochote: balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 100 (za LED hazifai), iunge kwenye waya mmoja wa umeme ili mkondo wote wa amplifaya upite kwanza kwenye balbu. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kabisa na amplifaya inasalimika. Hali ikiwa nzuri, inawaka kidogo kisha inafifia. Umeme wako ni volti ngapi, kaka? Kama ni 230, balbu iweke upande wa 230, kabla ya transfoma ya kushusha.

Tupe vipimo vitatu. Toa 6L6 zote mbili. Zile kapasita mbili anazosema Fundi, achanisha mguu wa upande wa gridi, uache unaning'inia. Washa, weka mita ya volti mnyoofu kati ya mguu huo na chasisi, soma. Kisha zima, maliza umeme, upime rezista: zile za 100k na 470k (k ni omu elfu), na ile kubwa iliyo chini ya kathodi za 6L6 (sehemu ya valvu inayotoa mkondo). Na angalia kama kuna mtu aliwahi kuingia humo kabla yako.

#4 Sindano45

Asanteni sana. Nimekaa nayo usiku mzima. Umeme wangu ni 230.

Kapasita ya upande ulioiva: volti 14. Upande wa pili: volti 0.9. Rezista za 100k, moja inasoma 138k, nyingine 121k. Ya 470k inasoma 690k. Ile ya kathodi imeandikwa 250, inasoma 312, na rangi yake imebabuka.

Na ndiyo, kuna mtu aliingia. Kopo la kapasita za kuchuja limeachwa mahali pake lakini chini yake kuna kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 100 iliyofungwa kwa utepe, imelehemiwa moja kwa moja kwenye 5U4.

#5 FundiWaValvu

Vipimo vinajieleza. Volti 14 ndiyo sababu ya moto uliouona. Lakini hata ile ya 0.9 usiihurumie. Kapasita nzima ikishajaa, mita haitakiwi kuonyesha kitu cha maana. Ng'oa zote za nta, moja baada ya nyingine, usiache hata ile inayopendeza machoni. Weka za filamu za volti 630, thamani ileile ya mikrofaradi. Hapa sipendi mjadala wa "hii bado inapima vizuri", kwa sababu mita ya mkononi hupima kwa volti chache na kapasita hii huvuja kwa volti 200.

Rezista za kaboni za zamani hupanda thamani na umri. Zilizopanda zaidi ya asilimia 20 toa, na kwenye zile mbili za 100k weka jozi inayolingana ili valvu mbili za mwisho zipate sauti sawa.

Sasa hiyo mikrofaradi 100. Yule fundi alisikia mvumo akadhani kapasita kubwa ndiyo dawa. 5U4 haiwezi kujaza kapasita kubwa hivyo ya kwanza: kila mara umeme unapopanda inavutwa mkondo mkali wa ghafla, na cheche zinaruka ndani ya kioo. Kapasita ya kwanza baada ya 5U4 isizidi mikrofaradi 40. Kama ramani ya saketi inasema 20, weka 22 ya volti 450 au 500 na utosheke. Baada ya koili ya kuchuja, hapo una nafasi ya kuongeza kidogo.

#6 Kapasita_Mpya

Ngoja niwe upande wa pili, si kwa ubaya. Amplifaya yenye volti 400, ya miaka sabini, nyumbani kwenye watoto? Bodi ndogo ya siku hizi ni nyepesi, haipati joto, inatoa wati nyingi zaidi. Unaificha nyuma, sura ya jukiboksi inabaki ileile. Mbona tunateseka?

#7 BintiSaketi

Hoja ya watoto ni ya haki na jibu lake ni kufanya kazi ya umeme ipasavyo: waya wa nyuzi tatu, ardhi kwenye chasisi, fyuzi kwenye waya wa moto, na kile kikapasita kinachounganisha umeme wa ukutani na chasisi kitolewe au kiwekwe cha aina ya Y kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Cha zamani kikishoti, chasisi nzima inakuwa na umeme. Hicho ndicho cha kubadili kabla hata ya sauti.

Ila bodi ya kisasa haiendi hapo kirahisi hivyo, kaka. Kichwa cha sindano cha sumaku kinatoa milivolti chache tu, na sauti ya santuri imekatwa besi ikiwa chini na treble ikiwa juu. Amplifaya ya jukiboksi ndiyo inayorudisha mizani. Mashine nyingi za mwanzo wa miaka ya 1950 zilitengenezwa kabla viwanda havijakubaliana kipimo kimoja, maana mkunjo wa RIAA (kipimo hicho cha pamoja cha mizani ya besi na treble) ulikuja 1954. Ukiweka bodi bila hatua hiyo unapata sauti nyembamba kama ya simu.

Kisha kuna udhibiti wa sauti wa kujiendesha. Santuri moja imekatwa kwa nguvu, inayofuata imekatwa kwa upole, na zamani hakukuwa na mtu wa kusimama pale akizungusha kitasa. Ndani mna valvu inayobadili ukuzaji wake yenyewe: sehemu ya sauti inageuzwa kuwa volti hasi, inarudishwa kwenye gridi, wimbo mkali unashushwa, mpole unaachwa upande juu. Ukikaa mbele ya mashine ambayo saketi hiyo ni nzima utasikia nyimbo ishirini mfululizo bila kunyanyuka. Mimi hicho ndicho kilichonifanya niache kung'oa amplifaya za watu.

Sindano45, kapasita inayoshikilia hiyo volti hasi pia ni ya karatasi. Usiisahau. Ikivuja, udhibiti unakufa na nyimbo zinapiga kelele ovyo.

#8 Kapasita_Mpya

Nimekuelewa dada. Hilo la udhibiti wa sauti sikulijua kabisa. Nafuatilia uzi.

#9 Mzunguko

Naona halijasemwa jambo la Hz (mizunguko ya umeme wa ukutani kwa sekunde). Mashine za Marekani zilijengwa kwa volti 117 na Hz 60. Transfoma ya kushusha inabadili volti, Hz haibadili. Mota ya santuri hufuata Hz, kwa hiyo kwenye 50 ile 45 inakuwa mizunguko 37.5 kwa dakika. Mwimbaji mwanamke anageuka kuwa mwanamume mwenye usingizi. Mota nyingi zinahitaji pule (kigurudumu cha mota) nene zaidi, au kifaa cha kutengeneza Hz 60.

Na kwa amplifaya yenyewe: transfoma iliyokusudiwa 60 ikipewa 50 hupata joto zaidi, kwa sababu chuma chake kinajaa sumaku mapema. Ipe volti 110, usiipe 120. Filamenti (nyuzi zinazopasha valvu joto) zitashuka kutoka volti 6.3 hadi karibu 5.9, bado ndani ya asilimia 10 zinazoruhusiwa.

#10 Sindano45

MREJESHO.

Nimebadili kapasita kumi na nne. Nilifanya moja moja: nakata, nalehemu mpya, nalinganisha na ramani, naweka alama ya kalamu nyekundu. Moja ya zile za nta nilipoikata mguu, mwili wake ulipasuka kwa urefu na ndani karatasi ilikuwa ya kahawia, yenye unyevu, inanata kwenye kidole. Nilidhani ingekuwa imekauka kama jani. Hapo nikaelewa kwa nini ilikuwa inapitisha umeme.

Kopo la zamani la kuchuja nimeliacha juu ya chasisi ili sura isiharibike, lakini waya zake zote nimezitoa. Mpya zimekaa chini kwenye kipande cha vituo. Hakuna tundu jipya hata moja. Ya kwanza ni 22 kama Fundi alivyosema.

Niliwasha na balbu, 6L6 zikiwa nje. Iliwaka, ikafifia. Nikarudisha valvu, nikaunga spika, nikazima taa ya chumba tena. Nilikaa dakika ishirini nikitazama yale mabati mawili. Yalibaki ya kijivu.

Volti kwenye bati: 340. Kwenye kathodi: 21, na rezista mpya ni 250. Umeme wa ukutani baada ya kushusha: 110. Filamenti 5.9.

Tatizo moja limebaki, mvumo. Si ule mzito wa mwanzo. Huu uko chini zaidi, na ukiongeza sauti unaongezeka.

#11 FundiWaValvu

Umenifurahisha sana kuacha kopo lile na kutotoboa. Atakayekuja baada yako ataweza kurudi nyuma akitaka.

Hesabu yako: 21 gawanya kwa 250 ni miliampea 84 kwa valvu mbili, 42 kila moja. Toa 21 kwenye 340, zidisha kwa 42, unapata karibu wati 13.4 kwa kila valvu, na humo mna hata mkondo mdogo wa skrini (gridi ya pili ya valvu). 6L6 za awali mwisho wake ni wati 19. Umekaa pazuri, zitaishi.

Mvumo: tofautisha kwa sikio. Ukitoka kwenye uchujaji wa umeme, kwako ungekuwa wa Hz 100, maana 5U4 hutumia pande zote mbili za wimbi. Huo wa chini ni wa 50, unatoka kwenye ardhi mbovu, waya wa sindano au filamenti. Na kama unafuata kitasa cha sauti, chanzo kiko kabla ya kitasa. Chomoa plagi ya waya wa sindano. Ukinyamaza, umepata.

#12 Sindano45

Umenyamaza! Nimefungua plagi ya waya wa sindano. Ule wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani ulikuwa umekatika wote isipokuwa nyuzi tatu, umejificha chini ya mpira. Miaka yote hiyo mkono ukienda na kurudi. Nimekata sentimita mbili, nimelehemu upya. Kimya kabisa.

Sasa swali ninaloliogopa kuuliza hapa: nikitaka kupiga muziki wa simu humohumo, naharibu heshima ya mashine?

#13 MpenziWaSanturi

Kabla ya simu, niulize jambo. Kichwa cha sindano ni cha awali? Kama ni cha mono cha zama zile, usipige nacho santuri za stirio. Stirio ya santuri ilianza kuuzwa 1958, na mfereji wake unasogeza sindano juu na chini pia. Kichwa cha zamani kimekazwa upande huo, hakikubali kupanda wala kushuka, kinaikwangua santuri. Nimeharibu nakala mbili ninazozipenda kabla ya kujua. Tafuta sindano inayostahimili, na uzito wa mkono upime.

#14 BintiSaketi

Huharibu heshima, kaka, ilimradi ukiondoa leo, kesho mashine iwe kama haikuguswa.

Usiingize simu kwenye tundu la sindano. Pale panasubiri milivolti na simu inatoa karibu volti nzima, utapata mkwaruzo mtupu, tena kwa mizani ya santuri. Ingia kwenye kitasa cha sauti, baada ya hatua ya sindano. Simu ina kushoto na kulia, mashine yako ni mono: kila upande upitie rezista yake ya omu 4,700, kisha ziungane. Ukiziunga waya kwa waya zinapigana. Halafu weka transfoma ndogo ya sauti ya 1:1 (isiyopandisha wala kushusha volti) kati ya simu na chasisi, ili ardhi za vifaa viwili zisikutane. Swichi ndogo iwekwe kwenye kibati cha pembeni, kifungwe kwa skrubu iliyokuwepo tayari.

Na usijaribu amplifaya ya valvu bila spika, hata sekunde moja. Transfoma ya kutolea sauti isipokuwa na mzigo hupandisha volti za ajabu na kujipasua ndani. Tena angalia unaunga wapi, kwa sababu nyuma mna vituo vya volti 70 vilivyokusudiwa spika za mbali zenye transfoma zao. Spika ya omu 8 haikai hapo.

#15 Kapasita_Mpya

Wakuu, nami nina mashine iliyong'olewa amplifaya, ya transista, mwanzo wa miaka ya 1960. Yenyewe iko kwenye boksi. Inafaa kuhangaika nayo?

#16 FundiWaValvu

Inafaa, ila njia yake ni nyingine. Transista za mwanzo zilikuwa za jemaniamu, haziwezi joto, na zikiharibika hushoti na kupeleka umeme mnyoofu kwenye spika. Anza na kapasita za kuchuja na balbu ya ulinzi, na spika usiiunge. Tumia rezista ya omu 8 ya wati kubwa. Fungua uzi wako, weka picha, tutakuja.

#17 Sindano45

MREJESHO wa mwisho.

Pule nimepata ya Hz 50. Sindano nimebadili, asante sana MpenziWaSanturi. Swichi ya simu ipo, imejificha, na hakuna tundu.

Jana jioni shangazi alikuja. Hakuambiwa kitu. Niliiacha iwashwe bila wimbo, amplifaya ikiwa imekaa moto kimya, na mwanga wa valvu ukipenya kwenye matundu ya nyuma ukaangukia ukuta. Aliusogelea ule ukuta, akaweka kiganja kwenye mwanga. Kisha akazunguka mbele akabonyeza herufi na namba bila kusoma karatasi ya majina. Mkono wa mashine ukaenda, ukasimama, ukachukua santuri.

Alikuwa bado anaikumbuka ilikokaa.

Picha za chini ya chasisi naziweka hapa, na ramani yenye alama zangu nyekundu, kwa yeyote mwenye mashine ya aina hii.

#18 BintiSaketi

Picha nimeziona, kaka. Kile kiungo cha tatu kutoka kushoto, chini ya soketi ya valvu ya pili, risasi yake ya kulehemia imefifia haing'ai. Kipashe tena kabla hujafunga kifuniko.

#19 Sindano45

Nimekipasha. Kweli kilikuwa hakijashika.